Picha Mia Tatu za Mishono

Kila siku nilipotoka shule nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono, kisha nikaketi mezani upande wa kulia wa mama. Upande huo ulikuwa wangu tangu darasa la kwanza. Mama alifungua madaftari yangu moja baada ya jingine, na akifika kwenye la hesabu alitikisa kichwa na kusema, "Hiki kichwa umekitoa wapi wewe?" Nilijua jibu, lakini nilipenda kuulizwa.

Basi hebu fikiria nilivyojisikia nilipoingia siku moja nikakuta upande wangu umekaliwa.

Lakini nianze na mama. Mama yangu ni mkaguzi wa mishono katika kiwanda cha nguo. Kwa miaka kumi na minane amesimama mwisho wa mstari wa vyerehani, akipindua mashati na kutafuta uzi ulioruka au mshono uliopinda. Mwaka jana meneja alitangaza kwamba kiwanda kitaleta kamera za kukagua nguo, na wakaguzi hawatahitajika tena. Wenzake waliguna na kulalamika. Mama alirudi nyumbani, akala, kisha akasema, "Hiyo kamera haijawahi kushika sindano. Nani ataifundisha kutazama?" Wiki iliyofuata alijiandikisha chuoni, kwenye kozi ya kuzifundisha kompyuta kutambua vitu. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Baba, ambaye ni fundi bomba na haachi utani hata akiwa chini ya sinki, alianza kumwita Binti wa Chuo. Mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu ndimi niliyemfundisha kushika kipanya na kufungua folda. Alikuwa mwanafunzi wangu. Nilijitapa darasani mpaka wenzangu wakachoka kunisikiliza.

Kisha akaja Miwani.

Hilo ndilo jina nililompa, kwa sababu miwani yake ilikuwa mikubwa kuliko uso. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, alisoma darasa moja na mama, na alikuja kwetu kila alasiri kumsaidia hesabu ngumu. Alikaa upande wangu na kunywea kikombe changu cha bluu. Mbaya zaidi, alimwita mama "mama", naye mama akamwitikia, "Naam, mwanangu."

Mwanangu! Najua watu huitana hivyo kila mahali. Hata muuza mboga huniita mwanangu. Lakini siku hiyo niliona wivu.

"Mama, nimepata ishirini kwa ishirini," nilisema, nikimsogezea daftari.

"Vizuri sana. Liweke hapo, nitalitazama," alijibu macho yakiwa kwenye kompyuta. Daftari lilikaa hapo siku tatu.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kompyuta haijui mshono mzuri ni upi. Inabidi kuionyesha picha nyingi mno, kila moja ikiwa kwenye folda yake: Sawa au Kasoro. Ikishaziona za kutosha, unaipa picha ngeni mia moja nayo inakisia. Meneja aliahidi kwamba mama akifikisha tisini kwa mia siku ya Ijumaa, mbele ya walimu wa chuo, yeye ndiye atakayepewa kazi ya kufundisha zile kamera. Asipofikisha, kiwanda kitaleta mtu wa nje, na mama atasubiri barua ya kuachishwa kazi pamoja na wengine.

Jumapili kompyuta ilipata themanini na tano. Zilihitajika picha zaidi, na Miwani alikuwa amepiga mia tatu na kuzipanga mwenyewe. "Huyu mtoto ana jicho!" mama alimsifu. "Anaona mshono kama aliyezaliwa kiwandani." Mimi sikuwahi kusifiwa jicho.

Jumatatu alasiri waliniacha na kompyuta wakaenda dukani kununua karatasi. Nilifungua folda za Miwani. Nikahamisha picha nzuri kwenye Kasoro na mbovu kwenye Sawa, hii huku, ile kule, haraka haraka, wala sikuhesabu. Nilitaka mama aone kwamba huyo mwenye jicho hana jicho lolote. Atamkaripia, Miwani atanuna, hatarudi tena. Nilifunga kila kitu na kufungua daftari la sayansi. Waliporudi nilikuwa nimeinama kama mtoto mwema kabisa.

Jumatano nilirudi kutoka shule. Kompyuta ilikuwa imepata hamsini na tisa.

Nikasubiri Miwani akaripiwe. Ajabu ni kwamba Miwani ndiye aliyesema, "Mama, tuzitazame tena picha zangu. Pengine nilikosea."

"Hapana. Zako nilizikagua mwenyewe Jumapili, hazikuwa na tatizo," mama alijibu. "Tatizo ni programu niliyoandika mimi. Nimeirudia mara nne sioni kosa. Kama silioni, basi sijui ninachofanya." Alianza kukusanya vitabu na kuvitia kwenye mfuko. "Kichwa changu kimechakaa, mwanangu. Kesho nitamwandikia mwalimu nijitoe, kabla sijaaibika mbele za watu."

Safari hii neno "mwanangu" halikuniuma. Kilichoniuma ni kumwona akivitia vitabu mfukoni. Mama huyu alijifunza kipanya kwa wiki mbili akicheka makosa yake mwenyewe, na sasa alikuwa anajiona mjinga kwa sababu yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria hilo, sitawadanganya.

"Si kichwa chako," nilisema. "Ni mimi. Nilizivuruga zile picha Jumatatu."

Mama aliweka mfuko chini. Alinitazama kama anavyotazama shati, polepole, kutoka juu hadi chini. "Ulitaka nini?"

"Nilitaka umfukuze," nilisema, na hapo machozi yakatoka. "Umempa nafasi yangu na kikombe changu. Daftari langu hujalifungua. Nilijua picha zikiharibika utamlaumu yeye."

"Zikishaingia kwenye kompyuta hazina mwenyewe," mama alisema. "Inazichukua zote, zake na zangu, na inaamini kila inachoambiwa. Umeifunza uongo, nayo imeushika."

Miwani alivua miwani yake na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Yaani siku nzima nimepanga kwenda kupimwa macho upya!" alisema. Hakuna aliyecheka. Kisha akaniuliza, "Ulizihamisha zipi?"

"Sikumbuki."

"Basi tutazitazama zote mia tatu. Sogea hapa, utabofya wewe."

Mama hakunipigia kelele, ingawa afadhali angenipigia. Alivuta kiti akakaa nyuma yetu. "Hiyo je?" aliuliza kila picha. Nikikosea, alinionyesha kwa ncha ya penseli mahali uzi uliporuka. Tulifanya picha mia moja siku hiyo, na mia mbili Alhamisi baada ya shule. Shingo iliniuma na macho yakawasha. Kufikia picha ya mia mbili na kitu nilianza kuona kasoro kabla ya kuonyeshwa, na Miwani akanipiga kikumbo kidogo kwa kiwiko. Nilimwomba msamaha hapo hapo. Nilimwita dada, kwa mara ya kwanza.

Ijumaa ukumbi wa chuo ulijaa. Baba alikuja na suruali yenye maji ya bomba. Picha mia moja zilipita, na ubaoni ikaandikwa tisini na tatu. Baba alishangilia peke yake hadi mtu akamvuta akae.

Meneja alisimama akitabasamu. "Picha ni picha," alisema. "Tujaribu kitu cha kweli." Akaweka chini ya kamera iliyounganishwa na kompyuta mkono wa shati lake jeupe lililopigwa pasi vizuri. Kompyuta ikaandika: Kasoro.

Mama alisogea, akainama, akaugeuza ule mkono wa shati. "Uzi umeruka mara mbili hapa, bosi," alisema. "Na si shati la kwetu." Meneja alichungulia, akaangua kicheko, na watu wote wakacheka naye. Kazi akapewa mama.

Tulipotoka, mama alinivuta pembeni, mbali na pongezi.

"Sikukuona mwezi huu mzima, na hilo ni kosa langu," alisema. "Lakini wewe uliona wivu ukauficha, ukataka kumwumiza mtu, na karibu uniangushe mimi. Siku nyingine wivu ukikubana, njoo uniambie mimi mama yako. Usiende kuiambia kompyuta."

Miwani alikuwa anatujia mbio, mikono wazi, akiita, "Mama! Mama!"

"Mama," nilimwambia haraka kabla hajafika, "wivu unanibana kidogo hata sasa."

Mama alicheka, akanishika mkono kwa nguvu, na hakuuachia alipomkumbatia Miwani kwa ule mwingine.