Mkanda wa Katikati

Gari lilianza kutetemeka siku waliyokwenda kuchukua kitanda cha mtoto cha kubembea. Usukani ulicheza mikononi mwa mume, kisha ukatulia. Mkewe, aliyekaribia kujifungua, alishika dashibodi.

"Ndilo litakalonipeleka hospitali hili?"

"Litatengenezwa, mama kijacho."

Fundi alibalansi magurudumu. Likatetemeka. Akabadilisha raba za injini. Likatetemeka. Ila akiliendesha yeye, lilitulia tuli.

"Bosi, gari lako linakuchukia wewe tu."

"Usinichezee, fundi! Nimechoka. Uchungu ukimshika mke wangu njiani nifanyeje?"

"Basi nitakuja nyumbani. Mkae kama mnavyokaa siku zote, mimi nisikilize nyuma."

Alikuja asubuhi, akaketi nyuma ya dereva. Mke aligeuka, akanyoosha mkono, akaufunga mkanda wa kiti cha katikati, pembeni ya fundi, ambako hakuna aliyekaa.

"Shemeji, unamfunga nani?"

"Hakuna mtu. Tangu tubebe kitanda, mkanda huo usipofungwa unagongagonga, unanitia kichefuchefu."

"Mimi gari likiingia gereji mikanda naifungua yote, nipige brashi viti."

Hakuna aliyelitilia maanani hilo. Walizunguka mtaa. Wakikaribia tena geti lao, usukani ukaanza kucheza, ikafuata milango, vikafuata viti, na fundi, aliyekuwa ameinama kusikiliza sakafu, akanusa udongo mbichi ingawa mvua haikuwa imenyesha, akageuza kichwa na kuona kiti kitupu kimebonyea, na mkanda umekaza, unavutwa mbele, unarudi, unavutwa tena, kama umefunga kifua cha mtu anayepigania pumzi.

"Simamisha," alinong'ona. "Si ubovu. Kuna kitu mmekifunga hapa. Kinataka kutoka."

"Fundi, nimekulipa unitengenezee gari, si..."

"Simamisha, kaka!"

Mume akakanyaga breki, fundi akabonyeza kifungo cha mkanda. Mkanda ukaruka. Mlango wa upande wa geti ukafunguka wenyewe, ukajifunga taratibu.

Gari lilitulia. Mume alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Usukani haukucheza. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kitanda.

"Limepona! Mke wangu, limepona!"

Mikono ya mkewe ilikuwa tumboni, macho kwenye dirisha la chumba walichomwandalia mtoto. Nyumba waliiacha tupu, wameifunga. Ndani, mbao za kitanda kipya zilikuwa zinalia: kwi, kwi, kwi, polepole.

"Baba," alisema, "nani anabembeleza humo ndani?"