Namba ya Kweli ya Goti la Mama

Mama yangu ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na miaka yote ililia kutwa nzima sebuleni kwetu. Kisha goti lake la kulia likaanza kuuma. Akishona suruali moja, anapumzika saa nzima. Akasema ataiuza cherehani. Roho iliniuma kweli.

Hospitalini aliambiwa gegedu limelika, yaani ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti. Palikuwa na utafiti: je, mazoezi ya kukaza misuli ya paja yanapunguza maumivu hayo? Walimweleza yote, hata kwamba anaweza kujitoa siku yoyote. Akakubali. Nilifurahi kuliko yeye!

Kila Jumatatu muuguzi wa utafiti alimpigia simu. Kuanzia sifuri, yaani huumwi kabisa, hadi kumi, maumivu yako yamefika ngapi? Mama alijibu, "Sifuri, mwanangu, nashukuru," huku amelishika goti lililovimba. Wiki tatu mfululizo! Uvumilivu ukanishinda, nikachukua simu na kutoboa siri.

"Mtoto wa watu anahangaika na goti langu," Mama alinilalamikia. "Nimvunje moyo?"

Muuguzi alikuja nyumbani kesho yake, wala hakukasirika.

"Mama, heshima yako nimeipokea," alisema. "Lakini ukisema sifuri, naandika sifuri. Tutadhani tumepata dawa, na wagonjwa wengine wataumia kwa sababu yetu."

Mama aliinamisha kichwa. "Ni nane," alisema.

Muuguzi akamwomba amwonyeshe zoezi alilopewa. Alipaswa kukaa kitini na kunyoosha mguu mara kumi kwa siku. Kumbe siku zote yeye alikuwa akifanya mara hamsini, eti wasimwone mvivu! Muuguzi alicheka, akampigia daktari. Jibu likaja: apumzike mpaka uvimbe ushuke, kisha aanze na mara tano, aongeze pole pole. Asiache kabisa, maana misuli isiyofanya kazi hulegea, na goti hukosa cha kulishikilia.

Namba ikaanza kushuka. Sita. Nne. Tatu. Jumatatu ikifika, mimi nimeshakaa karibu na simu tangu asubuhi.

Juzi simu iliita tena. "Moja," Mama alisema.

"Moja ya kweli au ya heshima?" muuguzi aliuliza.

Mama aliiweka simu juu ya meza ya cherehani, akaweka miguu yote miwili chini, akakanyaga. Alishona pindo zima la suruali bila kupumzika, na muuguzi akasikiliza mpaka mwisho.