Meza Inayotaka Mwanga

Watu wanne walikula mtindi wa Kufuli wakaugua tumbo. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wake.

Kufuli na mkewe walitengeneza mtindi katika chumba cha uani. Walichemsha maziwa, wakayagandisha, kisha wakajaza vikopo juu ya meza ya chuma. Mnunuzi wao mkubwa alikuwa kantini ya kiwanda cha viatu. Kantini hiyo ndiyo iliyowalisha. Sasa mpishi wake alikuwa ametuma neno: hachukui hata kikopo kimoja mpaka bibi afya aridhike.

Kilichomchoma Kufuli moyo ni meza. Alikuwa amemwita fundi akaipaka dawa ya kisasa, ile inayoua vijidudu ikipigwa na mwanga. Bei ya dawa ilimtoa jasho, na Kufuli hakupewa jina hilo bure. Fundi alipotoa mguu tu, yeye alitandika nailoni nzito juu ya meza na kuigandisha kwa gundi pembe zote. Isichubuke! Taa ya chumba nayo akaizima. Nani anaiwashia meza taa?

Bibi afya akafika na mkoba wake.

"Karibu, dada," Kufuli alisema. "Hii meza haina neno. Ina dawa. Hata kuiosha hatuioshi, tunapitisha kitambaa tu. Inajiosha."

"Inajiosha?" bibi afya aliuliza. "Basi na masufuria yako yanajipikia."

Mkewe aligeukia ukutani akacheka.

Bibi afya alibandua pembe moja ya nailoni. Harufu ya maziwa yaliyooza ikapanda. Chini, maziwa yalikopenyea, kulikuwa na utelezi wa kijivu. Kufuli alirudi nyuma, mkono puani.

"Sikiliza, kaka. Mwanga ukiipiga dawa hii, inatumia hewa na unyevu kutengeneza kitu kikali kinachoua vijidudu vinavyoigusa. Gizani imelala. Wewe umeifunika: vijidudu vya chini viko gizani, vya juu viko kwenye nailoni. Dawa itaviua wapi?"

"Sasa niwashe taa?"

"Taa gani? Fundi alikuambia ipi?"

"Ile ndefu, ya tyubu. Alisema ikae juu ya meza."

"Iko wapi?"

Kufuli alitazama dari kama vile taa ingejitokeza. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Kabatini, bibi afya. Anaitunza isiungue."

Bibi afya alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakaza uso.

"Taa peke yake haitoshi. Maziwa yakikaukia mezani yanazuia mwanga. Kwa hiyo kwanza maji moto na sabuni. Suuza, acha ikauke, ndipo uwashe taa mpaka asubuhi. Dawa hii hufanya kazi polepole. Tena inasafisha pale ilipopakwa tu. Haiingii ndani ya maziwa, wala haikunawishi mikono."

"Lakini itachubuka, dada. Na umeme je?"

"Ni meza ya kazi, itachakaa. Tumia sponji laini, usikwangue. Ikiisha dawa, mwite fundi."

Kufuli aliishika nailoni yake kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mama yangu hajainuka kitandani kwa sababu ya hiyo nailoni. Ing'oe, au nikung'oe wewe."

Akaing'oa.

Walisugua meza mpaka mikono ikakunjamana. Walifunga tyubu, na jioni baada ya kuosha wakaiwasha. Kufuli aliamka mara mbili kwenda kuizima. Mkewe alimrudisha kwa kumshika shati. Bibi afya alipokuja tena alipitisha pamba juu ya meza, akaipeleka maabara kupimwa. Majibu yakarudi safi. Wiki hiyohiyo mpishi wa kantini alituma gari lake kuchukua vikopo, na tangu hapo hakuna mlaji aliyelalamikia tumbo.

Nailoni ile ilimgharimu Kufuli hivi: madumu saba ya mtindi yaliyomwagwa chooni, mauzo ya kantini ya mwezi mmoja, na kilo nne za mwili wa mama mkwe. Kilo zimerudi. Ila mama huyo hajaugusa tena mtindi wa mkwewe.