Daftari la Gari la Majaribio

Rafiki yangu Gethin huandikia jarida la magari hapa Coventry. Gari alilolijaribu mwaka mzima alilirudisha kwa wenyewe, akasahau ndani daftari la safari. Wiki tatu baadaye alilifuata kwenye banda ambamo magari husubiri mnada.

“Gari liko pale pale lilipoegeshwa wiki tatu zilizopita, na betri tumeitoa,” alisema Maureen, mtunza funguo. “Au umelikumbuka kama mke aliyekuacha?”

Mle gizani Gethin alisikia injini ikilia tik, tik, kama iliyozimwa sasa hivi. Akagusa boneti. Ilikuwa ya moto.

Akafungua daftari kwa mwanga wa simu. Chini ya mstari wake wa mwisho palikuwa na safari mpya ishirini na moja, moja kila siku, zote za kwenda nyumbani kwake, kwa mwandiko wake mwenyewe.