Kilo Moja ya Mbolea Nyeupe

Ndugu zangu mnaowacheka watu wazima wanaorudi darasani, sogeeni. Nina habari za jirani yangu, mama wa watoto wanne, mwanamke ninayemvulia kofia.

Nyumba yake ilikuwa na amani. Asubuhi yeye na mumewe walimwagilia vitalu vya miche ya nyanya, na riziki yao yote ya msimu ilikuwa humo. Jioni mke alikwenda kusoma kemia kwenye masomo ya watu wazima. Mume tulimwita Bwana Kadirio, maana kila kitu alikipima kwa jicho, isipokuwa mbolea. Hiyo aliipima kwa jiwe la mizani la kilo, alilorithi kwa baba yake. Kilo moja ya mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, pipa moja la maji, na miche ilinawiri.

Siku moja SA ikakosekana dukani. Akarudi na urea.

"Baba watoto, ngoja nipige hesabu kwanza. Hii si ile."

"Nyeupe ile, nyeupe hii! Hizo herufi zenu za darasani hazioteshi nyanya, mama."

Akapima kilo yake, akakoroga, akamwagilia mpaka pipa likaisha katikati ya vitalu. Mtu mbishi utamfanya nini? Baada ya siku chache majani yalikuwa yameungua kingo. Bwana Kadirio aliketi kwenye matope, akashika kichwa.

"Tumekwisha, mke wangu. Watoto watakula nini?"

Mke hakumsimanga, na hapo ndipo nilipozidi kumpenda. Alichukua kijiti, akaandika ardhini.

"Urea ina kaboni moja, uzito kumi na mbili. Oksijeni moja, kumi na sita. Naitrojeni mbili, ishirini na nane. Hidrojeni nne, uzito nne. Jumla sitini. SA nayo ina naitrojeni ishirini na nane, lakini jumla yake mia moja thelathini na mbili."

"Kwa hiyo?"

"Gawanya. Naitrojeni ndiyo chakula cha mche; ya urea ni kama asilimia arobaini na saba. Ya SA, ishirini na moja tu. Kilo yako ilibeba zaidi ya mara mbili. Umeilisha miche mpaka umeiunguza."

"Na jiwe langu ni la kilo tu! Pungufu yake nitaipimaje?"

Mama akapima kilo ya urea, akaigawa kwenye sahani mbili za mizani mpaka zikalingana, kisha akapunguza kidogo upande mmoja. Hiyo iliyopunguzwa, kwa pipa moja la maji, ndiyo iliyokwenda kwenye vitalu vilivyobaki. Vilivyoungua walivimwagia maji matupu kwa wingi. Miche mingine ilikufa, lakini mingi ikachipua, na msimu ukaokoka.

Jioni moja nikamsikia Bwana Kadirio: "Mama watoto, utachelewa. Lete mkoba." Akaubeba mpaka mlango wa darasa, mbele ya wote waliokuwa wakimcheka mkewe.

FUNZO

Usipime kitu kwa rangi yake wala kwa uzito wake tu. Uliza ndani mna nini, na kiasi gani. Na anayejua akikuambia, "Ngoja nipige hesabu," ngoja. Ngoja hata kama ni mkeo. Hasa kama ni mkeo.