Mgongo wa Kufuata

Subilaga alishindwa mbio za mita elfu moja na mia tano akiwa ameshika kikombe cha uji.

Alikuwa bwaloni, katika kijiji cha wanamichezo cha jiji la Singida, amekaa benchi la dirishani, na roboti mgawa-uji ndiyo kwanza alikuwa amempita. Dirisha lilitazama uwanja mkuu. Kule kwenye njia nyekundu, wasichana ishirini na wanne walikuwa wanakimbia, na wote walikuwa wa mwanga. Wenyewe, wa nyama na damu, walikuwa mezani wanatafuna mihogo. Waliokuwa wanakimbia ni vivuli vyao, maumbo yanayorushwa uwanjani na mtambo uitwao Chekeche. Kila kivuli kilikuwa na sura ya mwenyewe na kimo cha mwenyewe, hata namna yake ya kutupa mkono wa kushoto. Subilaga alikiona chake. Kilikuwa nyuma huko, kinajikokota kama mtoto aliyetumwa dukani bila kupenda. Kikamaliza cha kumi na tisa. Saa yake ya mkononi ikatetemeka na kumwandikia: hongera kwa kushiriki, nafasi yako ni ya kumi na tisa.

Uji ulikuwa bado wa moto.

Lakini tusimwonee Chekeche. Wanaoikumbuka michezo ya vijana ya zamani watakwambia ilivyokuwa: watoto wanalala madarasani juu ya magodoro ya kuazima, wiki mbili za mchujo juani, asubuhi raundi ya kwanza, jioni ya pili, na walimu wanashikana mashati kwa sababu mkoa fulani umeleta mamluki, au kijeba mwenye ndevu anayedai ana miaka kumi na sita. Chekeche aliyamaliza hayo yote. Kabla ya michezo, kila mwanamichezo aliingia katika chumba cha vipimo mkoani kwake, akavalishwa fulana ya hisi, akakimbia juu ya mkeka-mwendo akitazama ukuta mweupe. Mtambo ukausoma moyo, mapafu, mifupa, urefu wa hatua. Kisha ukayakimbiza mashindano yote kichwani mwake mara maelfu kwa kufumba na kufumbua, ukaonyesha matokeo kwa vivuli ili watu waone na waridhike. Wanane wa juu tu ndio waliokimbia fainali kwa miguu. Michezo iliyokuwa inakula wiki mbili sasa ilikwisha kwa siku tatu, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Sifa hizo ni za haki, mpe mwenye nazo.

Ila Subilaga alikuwa na lake. Watatu wa kwanza wa fainali walichukuliwa na Chuo cha Michezo cha Taifa, na yeye umri ulikuwa unamtupa mkono. Mwakani asingeruhusiwa hata kupimwa. Ni leo alasiri, au arudi kwao Tukuyu akasahau kwamba aliwahi kuwa na mbio. Mwalimu wake, Ambokile, mtu mpole asiyependa kubishana na mashine, alikuja kumpa pole. Akamkumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Aliyejibu ni msichana wa meza ya pili. Aliitwa Somoe, wa Lindi, mfupi, mnene kidogo, na mdomo haukuwa na likizo. Chekeche alikuwa amemweka wa ishirini na nne kati ya ishirini na wanne.

"Kushindwa nitakubali, mwalimu," alisema Somoe, "nikishashindwa."

Mwalimu Ambokile akaenda kutafuta chai. Somoe akahamia benchi la Subilaga, akaeleza kwamba yeye amesafiri kutoka Lindi, kaagwa na mtaa mzima, bibi yake kamfungia ubwabwa wa njiani, na hakuja Singida kunywa uji na kuangalia taa. Nyuma ya uwanja mkuu kulikuwa na uwanja wa mazoezi, wa udongo, hauna hisi wala vivuli. Wale kumi na sita waliochekechwa waende huko, wakimbie wao kwa wao, basi, ijulikane. Wengine walicheka. Lakini hakuna aliyebaki bwaloni.

Walichora mstari kwa chokaa iliyosalia kwenye ndoo. Somoe alitia vidole viwili mdomoni, akapiga mbinja, wakatoka wakisukumana viwiko, wakicheka, wakikanyagana. Walikuwa katikati ya mzunguko wa kwanza alipotokea Nyangi kuja kupasha misuli.

Nyangi wa Tarime hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa bingwa wa miaka miwili mfululizo, mrefu, mkimya, miguu imenyooka kama mwiko wa ugali wa shughuli. Alisimama kando akiwatazama wale wasichana kwa muda, kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama anaweza kujiunga. Walitazamana. Somoe akamwambia karibu, kiwanja si cha mama yake mtu.

Mbinja ikalia tena. Nyangi akatangulia kama kawaida yake, na hapo ndipo Subilaga alipouona mgongo.

Hili lazima lielezwe, maana Chekeche hakuwa nalo. Subilaga ni wa mwisho kuzaliwa katika nyumba ya watoto saba wenye mbio. Tangu alipoanza kwenda shule alikimbia milima ya Rungwe nyuma ya mtu: nyuma ya kaka, nyuma ya dada, nyuma ya binamu, akiogopa kuachwa peke yake kwenye ukungu. Hakuwahi kukimbia peke yake hata siku moja. Kule Mbeya, kwenye chumba cha vipimo, walipomweka mbele ya ukuta mweupe, miguu yake ilikuwa kama ya mgeni asiyejua choo kiko wapi. Sasa mbele yake palikuwa na mgongo mrefu, unapanda na kushuka, na miguu ikakumbuka kazi yake. Aligandana nao mpaka mstari wa chokaa, hatua moja nyuma.

Nyangi aligeuka akihema, akamtazama kama mtu aliyesikia hodi katika nyumba aliyodhani haina jirani. Akamuuliza ni wa ngapi. Subilaga akajibu ni wa kumi na tisa. Nyangi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika.

"Unajua mimi sijawahi kumpita mtu?" alisema. "Wenzangu wa fainali wanaanza mbio wameshaambiwa nafasi zao. Wa pili anakimbilia upili wake, wa tatu anakimbilia utatu wake. Mimi natangulia, nafika, napewa dhahabu. Sijawahi kuona mgongo wa mtu, na sijui kama mimi ni bingwa au ni wa kwanza tu."

Akasimama, akajipangusa vumbi, akamshika Subilaga mkono. Wengine wakafuata.

Mhandisi Yusta Komba, aliyemsuka Chekeche, alikuwa katika kibanda cha vioo juu ya jukwaa. Hakuwa mtu mbaya. Alianza kazi ile kwa sababu akiwa mwalimu kijana alimwona msichana akianguka juani katika raundi ya tatu ya mchujo, akabebwa, asirudi tena shuleni muhula ule. Aliapa hakuna mtoto atakayekimbia bure tena. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akawasikiliza. Nyangi alisema kwa adabu, lakini bila kupinda, kwamba asipokimbia huyu wa kumi na tisa, na yeye hakimbii.

Mhandisi alieleza taratibu, kama aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mapafu ni mapafu, alisema, na moyo ni moyo. Hesabu haina upendeleo. Ndipo akamgeukia Subilaga, akamuuliza kwa nini anadhani mtambo umemkosea.

"Haukunikosea, mama," alisema Subilaga. "Siku ile nilikimbia vile vile ulivyosema. Lakini nilikuwa peke yangu. Mimi nikikosa mgongo wa kufuata, miguu inasahau."

Mhandisi Yusta akauliza hewani, kwa sauti ya kazi, kama Chekeche amewahi kumpima mwanamichezo akiwa na mwenzake.

"Sikupewa mwenzake," Chekeche alijibu, kwa ile sauti yake tulivu. "Niliwapima mmoja mmoja, kama nilivyoelekezwa."

Na aliyeelekeza ni nani? Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Mhandisi alitazama chini, uwanjani, ambako watu walikuwa wameanza kujaa kwa ajili ya fainali. Akasema, kama anayejisemea, kwamba katika mbio hizi si kila mtu na njia yake mpaka mwisho, kuongeza mmoja si shida. Shida ni kwamba akimwingiza wa kumi na tisa, wa kumi na nane atamwambia nini.

"Na wa ishirini na nne, mama," alisema Somoe kutoka mlangoni.

Mhandisi Yusta akamtazama yule msichana mfupi, chokaa hadi kwenye nyusi. Akanyoosha mkono, akazima ubao mkubwa wa uwanjani uliokuwa ukionyesha nafasi zilizobashiriwa.

"Haya," alisema. "Waingie wote."

Jamani, uwanja ule ulipoona wasichana ishirini na wanne wakitoka kwenye handaki la wachezaji badala ya wanane, kwanza ulinyamaza. Ubao ulikuwa mweusi, na kwa miaka saba watu walikuwa wamezoea kusoma mwisho kabla ya mwanzo. Kisha mama mmoja wa Singida mwenyeji, na deli lake la karanga, akapiga kigelegele, na jukwaa zima likamjibu.

Bastola ikalia. Walitoka wamebanana kama abiria wa sikukuu, viwiko mbavuni, mmoja akapoteza kiatu akaendelea na kimoja. Baada ya mzunguko wa kwanza kundi lilikuwa limevutika kama kamba. Wale wanane wa Chekeche walikuwa wanageuka nyuma, wamechanganyikiwa, maana waliambiwa nafasi zao kati ya wanane, si kati ya ishirini na wanne. Mmoja aliyebashiriwa wa sita alijikuta wa tatu na uso wake ukawaka. Mwingine aliyebashiriwa wa pili alipitwa na wanne, akauma meno, akawarudia wawili. Mbele ya wote alikuwa Nyangi, na nyuma ya Nyangi, hatua moja, Subilaga.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagongwa. Nyangi akaongeza. Subilaga akaongeza. Katika kona ya mwisho Subilaga alihisi kwamba miguu yake ina kitu zaidi ya mgongo ule, akatoka nje kidogo, wakawa bega kwa bega, kisha akapita.

Na mbele hapakuwa na kitu.

Hapakuwa na kaka wala dada wala binamu. Palikuwa na njia nyekundu tupu na utepe mweupe kwa mbali, mweupe kama ukuta wa chumba cha vipimo. Miguu ikaanza kusahau. Aliisikia inavyosahau, goti la kulia kwanza, na hofu ya kuachwa kwenye ukungu ikamrudia kama zamani. Umbali uliobaki, mwenye pumzi angeumaliza kwa utani, lakini yeye aliuona kama safari ya kwenda Mbeya.

Ndipo akasikia hatua. Zilikuwa nyuma yake, nzito, za haraka kuliko zote alizopata kuzisikia siku hiyo. Nyangi alikuwa ameuona mgongo wa mtu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alikuwa anaufuata kwa kila alichozaliwa nacho. Subilaga akaelewa. Yule anayemfuata asingemwacha peke yake. Leo mgongo ulikuwa wake, na kazi ya mgongo ni kwenda. Akaenda. Utepe aliukata kwa kifua, na Nyangi kifua chake kilikuwa pale pale, nyuma kwa upana wa kiganja.

Walianguka pamoja kwenye nyasi. Uwanja ulikuwa unatikisika. Mwalimu Ambokile alikuwa amepanda juu ya kiti, yeye mtu mpole, kofia kairusha hata hakujua imeangukia kwa nani. Subilaga alijaribu kumwomba mwenzake radhi, kwa mazoea ya mtoto wa mwisho. Nyangi alimkatiza. Alikuwa analia na kucheka.

"Nimeuona," alisema. "Sasa hiyo dhahabu yako nitaitafuta."

Mhandisi Yusta alikuwa ameshuka kutoka kwenye kibanda, amesimama karibu na utepe. Kichwani alikuwa ameanza kurekebisha: vyumba vya vipimo vya watu wawili wawili, mikeka sambamba, hesabu mpya. Kosa lilikuwa limeonekana na kosa linalotengenezeka halimsumbui mhandisi. Alikuwa karibu kufurahi. Ndipo akagundua kwamba makelele hayajapungua, yameongezeka, na watu wote wamesimama wanatazama upande wa pili wa uwanja.

Somoe alikuwa bado anakimbia.

Wengine wote walikwishafika. Alikuwa peke yake, nusu mzunguko nyuma, jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo, na anapungia jukwaa mikono miwili kama rais. Kila upande aliopita ulilipuka. Hakuongeza mwendo na hakupunguza. Alifika mstarini, akaukanyaga kwa makusudi kwa miguu yote miwili, akainua mikono juu.

"Nafasi ya ishirini na nne," Chekeche alisema katika sikio la mhandisi. "Kama nilivyobashiri."

Ilikuwa kweli. Kwa Somoe, mtambo haukukosea hata chembe, hapakuwa na hesabu ya kurekebisha wala chumba cha kupanua. Na bado asubuhi ile angerudishwa Lindi na hongera ya saa ya mkononi. Mhandisi Yusta aliwaza wasichana wa miaka yote saba iliyopita, wote wale ambao Chekeche aliwapanga kwa haki, walivyomaliza uji wao na kupanda magari.

Somoe alimjia akiyumba, meno yote nje.

"Mama, umeona? Nimekuwa wa mwisho mwenyewe," alisema, kisha akauliza kama kuna maji.

Mhandisi akampa chupa yake, akamshikilia bega ili asianguke, akasimama naye pale mpaka alipomaliza kunywa. Jukwaani hakuna aliyekuwa ameketi.