Namba ya Gogo Nontobeko

Siku ambazo darasa la Murielle halikuwa na zamu ya kwenda shuleni, ndizo alizoamka mapema zaidi. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, na shule yao ya Kensington, mashariki mwa Johannesburg, ilikuwa imewagawa wanafunzi makundi mawili: leo hawa, kesho wale. Wenzake walilala mpaka jua lipande. Yeye saa kumi na moja unusu alfajiri alikuwa jikoni anakoroga uji wa bibi yake, amejifunga skafu mpaka masikioni, kwa sababu baridi ya Julai huko haina huruma. Uji ukiisha, waliondoka pamoja kwenda kupanga foleni kliniki.

Bibi huyo jina lake lilikuwa Agnès, lakini nyumbani walimwita Koko, kama walivyowaita mabibi wote kwao Kisangani. Alikuwa na miaka sitini na sita na ugonjwa wa kisukari. Alijua Kiswahili, Kilingala na Kifaransa cha kuombea maji, ila Kiingereza kilimpita kando. Mama yake Murielle, Hélène, alisuka nywele katika saluni iliyokuwa barabara kuu, na akikosa siku moja wateja walihamia saluni ya jirani. Basi barua, fomu na matangazo yote ya nyumba ile yalisomwa na Murielle, msichana wa miaka kumi na mitatu, na kwa kweli alikuwa amechoka.

Chanjo ya wazee ilikuwa imefika, tena bila malipo. Koko aliitaka sana, maana muuguzi alikuwa amemweleza kwamba korona ikimkuta mwenye kisukari humwangusha vibaya. Mara ya kwanza walisimama kwenye foleni kwa muda wa saa nne. Walipofika dirishani, karani aliwaambia lazima wajiandikishe kwanza kwa simu. Wakarudi nyumbani, Murielle akachukua simu ya mama yake, akafungua fomu. Fomu ikadai namba ya kitambulisho yenye tarakimu kumi na tatu. Hati ya ukimbizi ya Koko haikuwa na namba ya namna hiyo. Ilikuwa na herufi, mikwaju na tarakimu chache zilizofifia. Kila alipoziandika, simu ilimjibu kwa maandishi mekundu.

Mara ya pili waliipeleka hati yenyewe. Karani yule yule aliitazama bila kuishika, akasema bila namba kumi na tatu hawezi kufanya lolote, waende dirisha la tatu. Dirisha la tatu likawaambia warudi la kwanza. Mara ya tatu mlinzi wa getini aliwapokea kwa kusema, "Eish, mama, mtambo umelala leo," nao wakageuka kabla hata ya kuingia. Njiani Koko alipumzika mara mbili ukutani, mkono kifuani. Hakulalamika. Kule kutolalamika kwake ndiko kulikomuudhi Murielle kuliko yote.

Kesho yake shuleni, rafiki yake Kawira alimsimulia kwamba bibi yake amechanjwa. Kawira alikuwa Mkenya, na baba yake, Bwana Mugambi, alifanya kazi benki huko Sandton. Familia yao ilikuwa na bima ya afya na vitambulisho vya ukaazi vyenye tarakimu zote kumi na tatu. Walimpeleka bibi kwenye maegesho ya hospitali ya binafsi, muuguzi akaja dirishani pa gari, akamchoma sindano akiwa ameketi na blanketi miguuni. Dakika ishirini, na wakampa maji ya machungwa. Kawira hakuwa anajigamba. Alishangazwa tu na yale maji ya machungwa. Lakini siku nzima Murielle hakusema naye tena.

Jioni hiyo alikaa na simu ya mama yake mapajani akaifikiria namba nyingine aliyoijua kwa moyo.

Chini ya ngazi za jengo lao aliishi mzee wa Kizulu, Gogo Nontobeko (kwa Kizulu gogo ni bibi), mwenye miaka sabini na moja na ugonjwa wa pumu. Ndiye aliyemlea Murielle kila alasiri tangu alipokuwa darasa la kwanza, akamfundisha Kizulu na kupika maharage. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo Murielle alimsomea kadi yake ya kliniki kila mwezi, na juu ya kadi hiyo iliandikwa namba ya kitambulisho. Gogo alikuwa amesema wazi kwamba chanjo haitaki. Alisikia kanisani kwamba inawadhuru wazee. Namba yake, Murielle alijiambia, imekaa bure. Asiyeitaka ana haki, na anayeitaka hana. Sasa kosa liko wapi?

Akaandika jina la Gogo, namba ya Gogo, na simu ya mama yake. Fomu ilikubali papo hapo. Alidhani ujumbe wa kuitwa ukija, atamfunika Koko barakoa na kitambaa, na hakuna atakayemtambua. Hakumwambia mtu.

Siku nane zikapita bila ujumbe wowote. Siku ya tisa, kaka yake Gogo, aliyekuwa akiishi Soweto, alifariki kwa korona. Wiki moja tu kabla ya hapo alikuwa mzima akichekesha watu kwa simu. Gogo alilia kwa siku tatu. Siku ya nne alivaa koti lake la kanisani, akasema maneno ya watu yamemtosha, na alfajiri akaenda mwenyewe kliniki kuomba chanjo.

Alirudi saa saba mchana akaketi kwenye ngazi, akihema kwa sauti ya filimbi. Hélène, aliyekuwa amekuja nyumbani kula, alimletea maji. Gogo akaeleza kwamba karani amekataa kumwandikisha, kwamba eti alikwisha kujiandikisha kwa simu asiyoijua, na angoje ujumbe. Simu gani, wakati yeye ana kisimu chake hiki cha vitufe? Hélène akatikisa kichwa akasema makarani wale ni wale wale, kila siku kisingizio kipya. Murielle alisimama mlangoni na sahani mkononi. Alijua kwamba safari hii karani hakukosea. Akairudisha sahani jikoni, akaanza kuiosha. 

Asubuhi Gogo alimwomba amsindikize, amsaidie kugombana kwa Kiingereza. Ilikuwa zamu yake ya shule, lakini Murielle hangeweza kukataa. Walisimama foleni tangu kabla ya mapambazuko, na kila Gogo alipokohoa, watu wa mbele na wa nyuma walisogea mbali naye. Walipofika dirishani Gogo alianza kufoka, na karani, aliyekuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, akachoka kubishana. Akaigeuza kompyuta iwatazame.

"Namba ya simu ni hii hapa, Gogo," akasema. "Kama si yako, niambie ni ya nani."

"Mimi sioni," Gogo akajibu. "Mtoto, nisomee."

Murielle aliitazama namba. Angeweza kubadili tarakimu moja tu, na mambo yangeishia hapo. Aligeuka akamwona Gogo amekaza macho kwenye kioo asichokiona, akimngoja yeye, kama alivyomngoja kila mwezi amsomee ile kadi. Akaisoma namba yote, polepole, mpaka ya mwisho.

"Ni simu ya mama," akasema. "Ni mimi niliyeandika. Mama hajui, na Koko hajui."

 Gogo aliuondoa mkono wake begani mwa Murielle, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

Karani alimwita muuguzi mkuu. Alikuwa Sista Bosibori, Mkenya kutoka Kisii aliyefanya kazi Johannesburg kwa miaka kumi na mbili. Aliwaingiza katika chumba kidogo kilichojaa maboksi ya glavu, akamkalisha Gogo kwenye kiti pekee, akamtaka Murielle aeleze yote. Murielle akaeleza, safari kwa safari: dirisha la kwanza, la tatu, mtambo uliolala, maji ya machungwa, na namba. Alipofika kwenye hati ya ukimbizi, Sista Bosibori alimkatiza. Akauliza mara mbili kama ni kweli karani alisema bila namba kumi na tatu hakuna la kufanya. Kisha akatoka, na kupitia mlango ulioachwa wazi wakamsikia akiuliza fomu za karatasi ziko wapi. Zilikuwa zimeletwa wiki tatu nyuma kwa ajili ya watu wasio na namba hiyo. Zilikuwa chini ya kaunta, kamba haijafunguliwa.

Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Alifuta uandikishaji ule wa uongo, akamwandikisha Gogo upya kwa simu yake mwenyewe ya vitufe, na Gogo akachanjwa saa hiyo hiyo. Wakati anapumzika dakika kumi na tano chini ya jicho la muuguzi, Sista alimgeukia Murielle. Hakupaza sauti.

"Umekasirika?" akamuuliza.

"Ndiyo, Sista."

"Una haki ya kukasirika. Mimi pia nimekasirika, tena tangu mwaka jana. Dada yangu ni muuguzi Marekani. Huko mashine ni nyingi kuliko hapa, na madaktari wake ni hodari, lakini ananiambia mwenye bima na asiye na bima hawafiki mlango wa hospitali wakiwa na hali moja. Ugonjwa huu haukuleta ubaguzi, umeufunua tu. Lakini sikiliza. Wewe hukuuondoa. Ulimtwika Gogo. Ulitaka kumwingiza Koko kwenye foleni kwa kumtoa yeye."

Murielle aliinamisha kichwa.

"Na kuna jambo la pili," Sista akaendelea. "Wiki tatu watu wamefukuzwa dirishani kwangu na mimi sijui. Ungeomba kuniona ukaniambia ukweli ulivyo, fomu zile zingefunguliwa siku hiyo. Uongo wako uliwaficha walionikosea. Leo umesema kweli dakika mbili tu, tazama kilichotokea."

Siku hiyo hiyo Sista Bosibori aliwaita wahudumu wa afya wa mitaani. Hao ni wanawake ambao kabla ya korona walitembea nyumba kwa nyumba wakifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wasiache dawa. Walijua kila kichochoro na nani anaishi nyuma ya duka gani. Hakuna hospitali ya binafsi iliyokuwa na watu kama hao. Kwa siku mbili waliwatafuta wazee waliorudishwa, na Jumamosi meza ikawekwa uani. Walikuja wazee thelathini na wanne: Wakongo, Warundi, Wazimbabwe, na hata wazee wawili waliozaliwa Johannesburg ambao hawakuwahi kupata kitambulisho. Murielle aliketi kando ya karani yule yule, akiwatafsiria wanaosema Kiswahili. Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa na mama yake, baada ya maneno makali ambayo jengo zima liliyasikia. Karani hakumwomba radhi kwa maneno, ila alimsogezea hita miguuni.

Koko alikuwa wa kumi na moja. Fomu yake ilichukua dakika sita.

Kumwomba Gogo msamaha kulichukua muda zaidi. Siku tatu Murielle aligonga mlango wake, na siku tatu Gogo alimjibu kwa ufupi akiwa ndani. Siku ya nne alimfungulia. Koko alikuwepo pia, ameketi kwenye kochi. Wazee wale wawili, wasio na lugha moja, walikuwa wakinywa chai kimya. Murielle akasema alilokuja kusema, kwa Kizulu, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili Koko naye alisikie.

Gogo alikunywa chai yake mpaka chini kabla ya kujibu. Alisema kwamba kama chanjo ile ingechelewa kumfikia, naye akafa, Murielle angelibeba jambo hilo maisha yake yote, na hakutaka mtoto aliyemlea abebe mzigo wa namna hiyo. Amemsamehe. Ila kadi ya kliniki, kuanzia sasa, atasomewa na Hélène, mpaka hapo atakapoona mwenyewe kwamba imani imerudi.

Koko akamtaka Murielle amtafsirie yote. Alipokwisha kusikia, aliweka kikombe mezani.

"Anasema vizuri," akasema. "Sisi tulionyimwa haki tunajua inavyouma. Kwa hiyo sisi ndio wa mwisho kabisa kumnyima mwingine. Mlango ukifungwa, mwanangu, gonga kwa nguvu, ita mkubwa wao, piga kelele mtaa mzima usikie. Lakini sema kweli, na usipite juu ya mtu."

Murielle akamtafsiria Gogo maneno hayo, neno kwa neno, bila kupunguza.